Mwalimu wa Kwaya Aliyekamata Simu

Singida mjini aliwahi kuwepo mtu aliyeamini kwamba kila simu ikilia, yeye anaibiwa! Si mwingine, ni Alphonce, mwalimu wa kwaya yetu pale Mandewa. Nasema yetu kwa sababu niliimba besi chini yake miaka saba, nikaacha ningali nampenda Mungu. Sasa nashona viatu sokoni, na mengi ya haya niliyaona nikiwa kwenye kigoda changu.

Ilikuwa miaka ile simu za tochi zilipoanza kuzagaa. Jirani yangu Festo, fundi simu, alikuwa na ujuzi wa kubonyeza noti moja moja mpaka simu ikalia wimbo autakao mwenyewe. Alphonce akamjia na karatasi yake ya do-re-mi.

"Festo, mdogo wangu, wawekee watu wimbo wangu huu. Nataka usikike!"

Alimbembeleza siku tatu. Festo akakubali, na haikupita miezi miwili wimbo ukawa kila mahali: buchani kwa Ramadhan, kwenye foleni ya posta, hata msibani. Alphonce akiusikia alikuwa akipunguza mwendo na kupunga mkono, utadhani ndiye mgeni rasmi.

Kisha akaenda semina Dodoma. Siku moja tu, chai na sambusa! Akarudi na cheti na maneno mawili, hakimiliki na mirabaha, akayatumia kama mtoto aliyenunuliwa filimbi.

"Wimbo ukilia mahali pa watu, mtunzi alipwe!" alitangaza katikati ya soko. "Buchani ni mahali pa watu. Posta ni mahali pa watu."

"Na chooni je, mwalimu?" aliuliza Ziada, muuza vitunguu.

"Inategemea kama mlango umefungwa."

Tulicheka mpaka vitunguu vikamwagika. Hakuna aliyempa hata shilingi. Ramadhan alimjibu huku ananoa kisu, na mwalimu akakumbuka ghafla kwamba ana mazoezi ya kwaya.

Basi akatafuta mnyonge. Akampata Loyce, mjane mwenye watoto watatu na meza ya simu chini ya mwavuli. Simu ilikuwa moja, na ndiyo iliyowalisha wote wanne. Nusu ya Mandewa na Mwankoko hatukuwa na simu, kwa hiyo namba ya Loyce ndiyo ilikuwa namba yetu. Ndugu yako anapiga, anasema niitie fulani, anakata. Loyce anakufuata nyumbani, unakuja mezani, unampa mia mbili, unasubiri ndugu apige tena.

Jumatatu asubuhi simu ikalia mezani, nayo ikalia wimbo ule ule. Alphonce akainyakua!

"Naishikilia mpaka ulipe elfu ishirini za mtunzi."

"Mwalimu, watoto watakula nini?"

"Sheria haijui njaa, dada Loyce."

Niliona aibu kwa niaba ya kwaya nzima. Mtu mzima, shingoni tai, anamnyang'anya mjane kijiko mkononi! Akaondoka nayo kifua mbele. Wala hakuizima. Alitaka kuhesabu itakavyolia ili aongeze deni.

Haijafika saa nne, ikalia.

"Haloo! Unaongea na mtunzi wa wimbo huu..."

"Niitie Damari wa Mwankoko, mama yake amelazwa huku Itigi. Napiga tena baada ya nusu saa."

Ikakatwa. Mtu wa Itigi hana vocha ya kusikilizia utambulisho.

Sasa afanyeje? Habari ya mgonjwa haikaliwi. Akatoka mbio, na suti yake, jua la Singida likimchoma utosi, mpaka kwa Damari. Hajamaliza kuhema, ikalia tena: Gasto wa Mandewa aambiwe mbuzi wake wamepatikana. Akarudi Mandewa. Ikalia: kuna mtu mkewe kajifungua mapacha Rungwa! Ikalia: kuna mtu anadaiwa mahari. Na kila ikilia, inalia wimbo wake mwenyewe, ule ule, mpaka akaanza kuuchukia.

Alipofika kumwita Mzee Abdulmajidi alikuwa hoi, lakini salamu ni salamu.

"Shi... shika... shikamoo mzee."

"Marahaba. Umechelewa, kijana. Loyce huwa anafika upesi. Na yeye hatoi jasho hivyo."

Kijana! Mtu wa miaka hamsini na moja! Siku tatu alikimbia hivyo, na hakuna aliyempa mia mbili, maana kila mtu alijua simu si yake.

Jumatano mchana akatokea sokoni, soli ya kiatu cha kulia inapiga makofi. Loyce alikuwa amekaa kwenye meza ile ile akiuza karanga, akiungaunga maisha.

"Shika simu yako, dada Loyce. Deni nimekusamehe."

"Umenisamehe?" Loyce hakuinua hata sauti. Akaipokea, akampitishia Festo. "Nifutie wimbo huu. Weka mlio iliotoka nao dukani."

"Na yangu!" akasema Ramadhan.

"Na yangu, kabla sijadaiwa chooni!" akasema Ziada.

Watu wakapanga foleni. Festo akafuta simu moja baada ya nyingine, kila moja ikitoka inalia tii-tii-tii. Alphonce akajipenyeza mbele ya foleni.

"Jamani, msifute! Nani atanijua mimi?"

Machozi yalimlenga, ya kweli kabisa. Nilitaka kumhurumia, nikakumbuka watoto wa Loyce wamekula karanga siku tatu, huruma ikanitoka.

"Festo, mdogo wangu, niachie hata simu moja."

"Inayolia kuliko zote ni ya dada Loyce. Muulize mwenyewe."

Alphonce akamgeukia mjane, tai imemkaa begani.

"Elfu mbili kwa wiki," Loyce akasema, huku anafunga karanga. "Nitaurudisha."

"Dada Loyce! Mimi ndiye mtunzi!"

"Ndiyo maana sijasema elfu tatu."

Mwalimu akatazama huku na huku. Kisha akachomoa noti mbili zilizolowa jasho, akaziweka mezani.