Asilimia Arobaini ya Bure

Mvua ndiyo iliyomwingiza Mshauri katika ofisi ya serikali. Kwa hiari yake asingeingia, kwa sababu watu wa kazi yake hawapendi majengo yenye askari mlangoni. Lakini koti alikuwa nalo moja tu, bitana yake imechanika, na mvua ya siku ile haikuwa na adabu. Akajibanza kwenye korido ya chini, akajifanya anasoma ubao wa matangazo kama mwananchi mwema.

Tuseme mapema kwamba hakuwa mshauri wa jambo lolote. Jina alijipa mwenyewe, akalichapisha kwenye kadi mia mbili, na dunia, kwa uvivu wake wa kawaida, ikalikubali. Kabla ya ushauri alikuwa amekwisha kuuza viwanja vilivyokuwa katikati ya mto, na tiketi za maonyesho ambayo hayakuwa na kiingilio.

Ubaoni palibanwa orodha ya kurasa kumi na moja: fedha zisizodaiwa zilizo mikononi mwa serikali. Kulikuwa na mishahara ya marehemu, amana zilizosahauliwa, hundi zilizotumwa zikarudi. Kila mstari ulikuwa na jina na kiasi. Mshauri alisoma kama mtu mwenye njaa anavyosoma bei za chakula mlangoni pa mkahawa. Namba mia mbili na kumi na nne ilimkamata shati: Kikundi cha Akina Mama Washonaji, milioni nne na laki mbili.

Hao aliwajua. Chumba chao kilikuwa nyuma ya soko, na aliwahi kununua vifungo pale.

Kando ya orodha palikuwa na karatasi ndogo: HUDUMA HII NI BURE. USIMLIPE MTU YEYOTE. FIKA DIRISHA NAMBA SABA. Mshauri alitazama kulia, akatazama kushoto, akachomoa pini nne, akaikunja ile karatasi na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Wala hakujiona mwizi. Alikuwa anapunguza kelele tu katika ofisi ya umma.

Mfuko ule ulikuwa umetoboka. Karatasi ikateremka taratibu hadi ndani ya bitana, na kabla mvua haijakatika Mshauri alikuwa ameshaisahau.

"Hodi hapa!" aliita alasiri ile ile.

"Karibu. Usikanyage kitambaa."

Chumba kilikuwa na vyerehani tisa na wanawake tisa, na sakafuni mlima wa sare za shule zilizokatwa bila kushonwa. Aliyemkaribisha ni mwenyekiti, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyeitwa na mtaa mzima Mama Mkasi. Futi ilikuwa shingoni, miwani imefungwa kwa uzi, na ukutani nyuma yake palikuwa na kibao cha masharti ya kazi: hatupokei nguo chafu, hatukopeshi, nguo haiguswi na sindano kabla mifuko haijakaguliwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Suruali au koti?"

"Wala si nguo, mama. Nimewaletea bahati."

"Bahati hatushoni, mwanangu. Jaribu duka la pili."

Mshauri akacheka, akatoa kadi, akavuta kigoda bila kukaribishwa. Alipotaja milioni nne na laki mbili, vyerehani vilinyamaza kimoja baada ya kingine.

"Ni yale mashuka!" akasema mhazini, ambaye pia alikuwa mke wa mtoto wa Mama Mkasi. "Mashuka ya hospitali, mama! Miaka kumi na miwili hii!"

"Hundi ilitumwa kwenye sanduku la posta mlilokuwa mmelifunga," akasema Mshauri, ambaye hakujua lolote ila alikuwa mwepesi wa kubahatisha. "Ikarudi, ikalala. Na fedha zikilala mno, mama zangu, serikali inazifunika shuka."

Hakuna aliyecheka. Wote walikuwa wakitazama barua iliyobandikwa kando ya dirisha. Mwenye nyumba alikuwa anauza chumba. Bei ni milioni nne. Mwisho wa mwezi asipoziona, atamuuzia mfanyabiashara wa vipuri aliyekwisha kuja kupima kuta. Zilibaki siku ishirini na sita.

"Zinapatikana wapi?" Mama Mkasi akauliza polepole.

"Hapo ndipo penye ugumu. Ni siri za ndani, njia zake nyembamba, ila nina watu wangu." Mshauri akashusha sauti. "Mimi nachukua asilimia arobaini tu. Na ada kidogo ya kufungulia faili."

"Arobaini!" mkwe akaruka. "Kwani wewe ndiye uliyeshona? Tukikupa hizo, chumba tutanunua kwa pesa gani?"

"Heri nusu shari kuliko shari kamili, dada yangu."

Mama Mkasi alimtazama kwa muda, kuanzia viatu hadi kola, jinsi anavyomtazama mteja anayedai kwamba kiuno chake hakijaongezeka.

"Ada hatuna," akasema. "Lakini hilo koti lako, mwanangu, linaaibisha ushauri. Liache. Tutakutia bitana mpya, mabega tuyasimamishe, utoke kama waziri. Hiyo ndiyo ada yetu."

Mshauri alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ulikuwa kioo. Akavua koti.

Kesho yake alipolifuata, hakuliamini. Lilimkaa mwilini kama limezaliwa naye. Alipoinua mkono kitu kikasikika kifuani, mchakacho mdogo.

"Nini hiki?"

"Kitambaa kigumu cha ndani," akasema Mama Mkasi, akiuma pini mdomoni. "Makoti ya wakubwa yote yanachakachaka. Haya, shughuli yetu tunakuachia wewe. Nenda ukaitoe hiyo fedha. Ukikwama, kwamuka."

Basi Mshauri akaenda. Na hapa inafaa tusimame kidogo kwa heshima, maana mtu yule alifanya kazi halali kwa wiki tatu mfululizo, jambo ambalo ukoo wake haukuwa na kumbukumbu nalo. Saa kumi na mbili asubuhi alikuwa kwenye foleni. Alijaza fomu nakala tatu. Alifuata barua ya mtaa, akaambiwa muhuri umefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko msibani. Akamfuata msibani, akatoa pole kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, akarudi na ufunguo. Alipiga nakala vitambulisho tisa. Siku moja aligonga kaunta ya dirisha namba saba na kumkemea karani: "Mnachelewesha haki ya wanawake!" Foleni nzima ikampigia makofi, naye akajisikia vizuri mno kwa dakika nzima.

Kila jioni alipita chumbani kutoa taarifa. Wanawake walikuwa hawainui vichwa kwenye zile sare mia nne, maana mwenye shule alizitaka mwezi huo huo. Walimpa chai na kiti.

"Umechoka, mwanangu," Mama Mkasi alikuwa akimwambia.

"Mno, mama."

"Vumilia. Mvumilivu hula mbivu."

Naye Mshauri alikuwa akiziona hizo mbivu, na kadiri alivyoziona ndivyo asilimia arobaini ilivyoonekana kama dharau. Nani anayepanga foleni? Nani anayesongamana msibani na watu asiowajua? Kwa nini aachie sitini hawa waliokaa kwenye viti vyao? Akakaa na kalamu, akaandika hati ya kiungwana kabisa: sisi wanachama tisa tunaomba malipo yetu yote yafanywe kwa jina la mshauri wetu, kwa niaba yetu.

"Ni utaratibu tu," akawaambia. "Bila hii hawalipi."

Mkwe akaisoma, akamtazama mama mkwe wake. Mama Mkasi akachukua kalamu, akatia sahihi kwa herufi kubwa. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, na wa mwisho akatia dole gumba. Mshauri alilazimika kujishika asiimbe.

"Karatasi zote acha hapa," akasema Mama Mkasi. "Kesho asubuhi utazikuta kwenye bahasha. Sisi gundi hatuiamini."

Asubuhi aliikuta bahasha ya kaki imeshonwa kwa cherehani pande zote nne, uzi mwekundu, mishono midogo kama mchele. Aliigeuza huku na huku. Asingeweza kuifumua bila kuonekana, na karani yule aliyekemewa alikuwa akingoja kosa dogo tu. Lakini kwani afumue ya nini? Sahihi aliziona kwa macho yake. Akaipeleka dirisha namba saba kwa mikono miwili kama zawadi ya harusi, karani akaikata kwa mkasi, akaenda nayo ndani, akarudi na kusema: "Siku tano."

Siku ya tano Mshauri alinyoa, akapiga koti pasi, akafika wa kwanza.

"Imeshalipwa," karani akasema.

"Amelipwa nani?"

"Wenyewe. Jana, saa tisa. Imeingia akaunti ya kikundi, kama barua yao ilivyoomba."

"Barua ipi? Kulikuwa na hati!"

Karani akafungua faili, akapekua ukurasa kwa ukurasa kwa raha ya mtu aliyewahi kugongewa kaunta. "Fomu. Barua ya mtaa. Vitambulisho. Barua ya kikundi, na namba ya akaunti yao. Hati nyingine sioni. Anayefuata!"

Njia ya kwenda nyuma ya soko Mshauri hakuiona. Alifika akihema, akakuta mlango wazi, mwenye nyumba akitoka na karatasi kwapani na uso wa mtu aliyelipwa. Ndani, mkwe alikuwa amekaa juu ya rundo la vipande vya kitambaa, analia na kucheka pamoja, na wenzake wamemzunguka.

"Mmenitapeli!" Mshauri akapiga kelele. Neno hilo alilijua sana, ila hakuwahi kulisema kutoka upande ule.

"Tumekutapeli nini, mwanangu?" akauliza Mama Mkasi. "Taja, tusikie."

Mambo aliyotaka kutaja yalikuwa na tabia ya kumpeleka mtu jela.

"Asilimia arobaini yangu," akasema mwisho. "Tulikubaliana!"

"Mimi nilikubali koti, na koti unalo. Lakini sisi si watu wa kudhulumu. Mkwe wangu, wewe ndiye mhazini. Huduma ile ni bure. Asilimia arobaini ya bure ni ngapi?"

Mkwe akafuta machozi, akachukua kikokotoo, akabonyeza kwa makini. "Sifuri, mama. Nimerudia mara mbili."

"Nani kawaambia ni bure?"

Mama Mkasi akamnyooshea wembe wa kufumulia. "Fumua hapo kifuani. Panapochakachaka."

Mshauri akavua koti, akakata mishono mitatu, akaingiza vidole. Karatasi ikatoka imekunjwa vile vile alivyoikunja yeye. Wiki tatu alikuwa ameitembeza kwenye foleni, msibani na kwenye madirisha yote ya jengo lile, juu ya moyo.

"Tuliipata siku ile ile ya kwanza," akasema Mama Mkasi. "Masharti yapo ukutani, hukusoma. Sikufichi. Nilitaka nikungoje mlangoni na rula ya chuma. Chumba hiki kimesomesha watoto ishirini na wawili. Wewe ulikuwa unakiuza kwa maneno."

"Sasa mbona hamkwenda wenyewe?"

"Na sare mia nne angeshona nani? Na foleni ile, kwa mgongo huu? Wewe miguu ulikuwa nayo, na nia ulikuwa nayo. Hata mtoto wangu wa kumzaa asingenikimbilia hivyo."

"Na ile hati yangu?"

"Karatasi nzuri, nzito," akasema mkwe, akiinua kipande kilichokatwa kwa mviringo. "Tumeifanya kipimo cha kukatia kola."

Wengine wangetubu. Mshauri alilala na jambo hilo usiku mmoja, na asubuhi akili yake ikawa imesimama tena kama mabega ya koti lake. Ushonaji ulimwangusha kwa sababu ya mifuko, basi. Namba mia mbili na kumi na tano ilikuwa kwaya, na wanakwaya hawakagui mifuko ya watu. Akavaa, akarudi kwenye korido.

Watu walijaa mbele ya ubao. Alipenya kwa viwiko, kisha akasimama. Pale alipochomoa karatasi palining'inia kitambaa cheupe, upana wa mikono iliyonyooshwa, kimefungwa kwenye fremu ya mbao na fremu imepigiliwa misumari ukutani. Herufi zilitariziwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo kama mchele, kila moja kubwa kama kiganja. Kitu kile kisingekunjika, na mfuko wa kukitia haujashonwa duniani.

"Wameleta akina mama fulani," karani wa dirisha namba saba akasema kutoka mlangoni. "Hawakutaka hata senti."

Bibi mmoja mwenye bakora, wajukuu wawili nyuma yake, akamshika Mshauri mkono wa koti, akaupapasa kwa heshima.

"Baba, wewe unaonekana msomi. Nimeacha miwani nyumbani. Pale pameandikwa nini?"

Korido ikamgeukia. Karani alikunja mikono. Askari wa mlangoni akasogea naye asikilize, maana hata yeye hakuwahi kusomewa.

"Huduma hii," Mshauri akaanza, "ni bure."

"Sauti, baba! Huku nyuma hatusikii!"

Akasoma upya kwa sauti. Alipofika penye "usimlipe mtu yeyote", bibi akamwomba arudie ili wajukuu wakariri.