Karatasi za Jepkorir Zilizopelekwa Malishoni

Jumatatu, 9 Juni 1958

Jepkorir ameenda Ravine kumuaga mama yake. Ameniachia karatasi zake. Rundo! Mjukuu wangu anasoma jiografia chuo kikuu huko Kampala, na mwaka mzima ameandika habari za ziwa letu la Nakuru: lilipokauka, vumbi lake jeupe lilienda wapi, nani walihama. Huo ndio utafiti wake. Chuo kikifunguliwa lazima profesa aukute mezani. Asipoukuta, Jepkorir haingii mwaka wa mwisho. Anarudi nyumbani, basi.

Ameniambia, kogo, tafadhali usiziguse. Kana kwamba bibi yake ana mikono ya nyani! Mimi nilisoma darasa la ubatizo tu, lakini karatasi najua kuiheshimu.

Mchana akaja Rahab wa mlango wa pili. Eti chumvi imemwishia. Uongo. Alikuja kujivuna. Mjukuu wake Naftaly anasomea udaktari chuo hicho hicho, na Rahab huwezi kumwambia mvua inanyesha asikujibu kwamba Naftaly amepasua maiti. Leo akasema Naftaly anataka kusoma karatasi za Jepkorir, kwamba siku hizi wanafunzi wanasomeana hata kama masomo ni mbalimbali. Nikamwambia daktari wake akasome maiti yake. Akasema mimi ni mchoyo, na uchoyo unanuka kuliko vibuyu vyangu.

Mchoyo! Mimi! Mtaa mzima wa Bondeni unakunywa maziwa lala yangu.

Chumvi nilimpa. Kidogo.

Jumanne, 10 Juni

Bati langu linavuja. Tone limeanguka karibu kabisa na rundo. Halafu nikaona panya. Alikuwa anaitazama jiografia kama mtu anayeangalia chakula cha jioni.

Nikakaa chini nikafikiri. Marehemu baba yangu hakuwahi kulaza ng'ombe wake wote boma moja. Mjinga tu ndiye hufanya hivyo. Ugonjwa ukiingia, au wezi, unaamka maskini. Baba aliwaweka kwa marafiki, huyu hapa, yule kule mlimani. Rafiki anakamua, maziwa ni yake. Ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Na ng'ombe wote wako salama.

Kwa nini karatasi zilale boma moja?

Nikakata kamba. Nikagawa mafungu matatu kwa unene, kama nyama ya sherehe. Fungu nono nikampelekea Naftaly. Sikupenda, lakini bati la Rahab ni jipya. Nikampa masharti: kamua upendavyo, ila ndama ni wetu. Akacheka. Nikamtazama mpaka akaacha. Akaapa.

Fungu la pili nikampa Micah, anayesomea kilimo huko huko, alipopita na baiskeli akirudi kwao kwenye shamba la mzungu upande wa Rongai, ambako baba yake ni nyapara. Kijana mtulivu. Alishukuru kwa mikono miwili.

Fungu la tatu liko chini ya godoro langu. Panya na aje sasa.

Nimefurahi sana leo. Kichwa changu bado kinafanya kazi.

Alhamisi, 12 Juni

Nilipita kukagua ng'ombe wetu. Naftaly alikuwa amekaa uani na penseli. Penseli! Amepiga mistari chini ya maneno ya mjukuu wangu, na pembeni ameandika ya kwake. Nikamuuliza nani alimruhusu kutia ng'ombe wangu alama ya moto. Akasema, nyanya, tulia, tazama hapa. Eti kila kijiji ambacho Jepkorir ameandika kwamba vumbi lilikipitia, ndiko walikotoka watoto wa kikohozi aliowasikia wakitajwa wodini, hospitali ya hapa. Alikuwa amejaa furaha. Kwa kikohozi! Madaktari ni watu wa ajabu.

Nikataka kulichukua fungu langu. Rahab akasimama mlangoni na mwiko. Akasema mtoto hajamaliza, na je, kwa mila yangu mimi aliyepewa ng'ombe ananyang'anywa kabla ya kukamua?

Hapo alinishika. Mila yangu mwenyewe! Nikaondoka nimeinua kichwa.

Jumamosi, 14 Juni

Jepkorir amerudi mapema. Treni yao ni Jumanne hii, si ile ya wiki inayofuata kama tulivyodhani. Kabla hajanywa chai akauliza karatasi ziko wapi.

Nikamwambia ziko malishoni.

Nikamweleza yote. Panya, baba yangu, masharti. Nilieleza vizuri. Akakaa juu ya kigoda. Hakulia. Angelia ningemgombeza, maana najua kugombeza. Alikaa tu akitazama ile kamba niliyoikata. Halafu akasema, polepole, kwamba kurasa hakuzitia nambari bado. Na kwamba nafasi yake, akiikosa, watampa mwingine, na hakuna atakayeuliza yule msichana wa Nakuru alienda wapi.

Sikusema pole. Sijui kuisema. Nilimsongea ugali, nikamfungulia kibuyu kile kizuri cha maziwa lala, chenye mkaa mwingi, ninachowawekea wazee wa kanisa. Hakukigusa.

Mtoto huyu nilimbeba mgongoni mama yake alipougua. Alikuwa mwepesi kama kuku. Leo alipita mbele yangu bila kuniangalia, na nilimhisi tena mgongoni, mzito.

Jumapili, 15 Juni

Sikungoja baraka ya mwisho kanisani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Naftaly. Rahab akafungua mdomo, akaona uso wangu, akaufunga. Hilo halijawahi kutokea. Naftaly akatoa fungu, kila karatasi ipo. Kisha akaweka juu yake kurasa zake mwenyewe, habari za vumbi na vifua vya watoto. Akasema, nyanya, huyu ndiye ndama.

Nyumbani Jepkorir akazipokea, akatafuta viatu vyake.

Kwa Micah tulikwenda juu ya lori la mahindi, Jepkorir na mimi, tumekaa kwenye magunia. Njia nzima alinipa mgongo. Mimi nilihesabu magunia. Tulipofika Micah hakuwapo, ameenda kanisani. Mama yake akasema karatasi anazisoma mpaka malishoni. Malishoni kweli! Nikaona Jepkorir akifumba macho.

Micah akaja jioni na baiskeli, karatasi amezifunga kwa shati lake la Jumapili, yeye mwenyewe kifua wazi chini ya koti. Zote zimo. Na ndama yumo! Ndama mkubwa! Mvua ya shamba lile tangu zamani, mwezi kwa mwezi, jinsi mzungu alivyoipima. Amenakili yote kwa mkono.

Jepkorir alisoma kwenye lori mpaka giza likamzuia. Kisha akaweka kichwa chake begani kwangu. Akasema miaka ambayo wazee walimwambia vumbi lilikuwa kali ni ile ile ambayo mvua ya Micah ilikuwa haba. Alikuwa ameitafuta mvua hiyo asiipate.

Nikamwambia avute shuka, kuna baridi.

Jumatatu, 16 Juni

Wote watatu mezani kwangu tangu asubuhi. Micah amefika kabla ya kuku kuamka. Wanapanga kurasa, hata zile za chini ya godoro, wanabishana. Ziwa, kikohozi, mvua. Jepkorir amewaandikia majina yao mwanzoni, kuwashukuru, nao wamenakili sehemu zake kwa ajili ya masomo yao. Akaandika na jina langu. Nikamwambia afute. Hakufuta. Sikumwambia mara ya pili.

Rahab alileta viazi, akakaa kumenya kana kwamba ni kwake. Tuligombana nani ateke maji ya chai. Akasema karatasi zisingekutana kama si mjukuu wake. Nikasema zisingetoka ndani kama si mimi. Jepkorir akacheka! Mara ya kwanza tangu Jumamosi. Basi tukaendelea kugombana kwa sauti zaidi.

Jioni aliniosha miguu. Akasema, kogo, nisikilize, siku nyingine uniulize kwanza. Nikasema nimesikia. Nimeapa kwa Biblia. Sitagusa karatasi ya mtu tena maishani mwangu.

Jumanne, 17 Juni

Wameondoka.

Stesheni ilijaa. Askari, kwa hii Hali ya Hatari, alikagua kipande cha Naftaly, cheti chake cha utambulisho, akakirudia tena, na Rahab alinishika mkono mpaka ukauma. Nilimwachia ashike. Mwishowe wakamruhusu. Wakaingia, Jepkorir, Naftaly na Micah, behewa moja, benchi moja, utafiti mzima kwenye kikapu kimoja chini ya miguu yao.

Boma moja! Watoto hawa wanasoma nini huko?

Jepkorir akashuka tena na kikapu kutuaga. Akamkumbatia Rahab kwanza. Rahab! Mimi nikawa nimeshikishwa kikapu. Nikatazama huku na huku. Wezi wamejaa kwenye treni, kila mtu anajua. Behewa la nyuma, dirishani, palikuwa na kijana mwenye kola safi. Alinisalimu vizuri, kwa heshima, bila haraka. Nikamuuliza anaenda wapi. Kampala, chuoni. Anasoma nini? Sheria.

Nikampa nusu ya nyuma ya karatasi. Nikamweleza masharti. Akasema ameelewa, ingawa alikuwa amekunja uso kidogo. Wanasheria hukunja uso.

Kisha mjukuu wangu akanikumbatia mimi, muda mrefu, mrefu kuliko Rahab. Akasema atanikumbuka kila akifungua kurasa zile. Nikamwambia apande, treni haimngojei mtu.

Nilipunga mkono mpaka moshi ukaisha. Rahab alilia. Mimi ni macho tu, vumbi.

Jina la kijana sikuuliza. Lakini masikio yake makubwa, hawezi kupotea. Na mvua tulikuwa nayo, kikohozi tulikuwa nacho. Sheria ndiyo hatukuwa nayo bado.