Kila Kitu Kina Karatasi Isipokuwa Mimi

Kisugu, Kampala
Alhamisi

Kwa Mwalimu Annick,
Darasa la Kiitaliano, Mbuya

Mwalimu Mheshimiwa,

Salaam nyingi. Mimi ni Taban, mume wa mwanafunzi wako Nabilah, yule anayesuka vikapu, aliyejiunga na darasa ili aelewane na wateja wake wa Italia. Nililibariki jambo hilo mwenyewe. Sasa najuta.

Jumatatu ulimpa orodha ya maneno ya Kiingereza ya vitu vya nyumbani, ayatafsiri kwa Kiitaliano, aandike kwamba kila kitu ni chake, kisha akibandike karatasi. Tazama matunda yake:

1. Kiti changu cha miaka kumi na minane kimeandikwa ni chake. Nanywa chai nimesimama.

2. Jirani yetu Lamwaka alituletea mboga ya malakwang kwenye sufuria. Kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu, kwa hiyo sufuria ilikuwa ikingojea pilau. Ikabandikwa. Lamwaka alipoelezwa maana ya maandishi yale, alibeba sufuria yake, na pilau, na kifuniko chetu.

3. Mwavuli aliousahau imamu kwetu umerudi msikitini na karatasi yake. Imamu anaomba tafsiri.

4. Mama yangu, Bibi Husnah, alikuja kwa siku mbili tu. Amebandikwa kwenye mtandio: mama mkwe wangu. Tangu hapo hataji kurudi kwake Bombo. Anasema katika miaka sabini hakuna aliyewahi kuandika kwamba yeye ni wake.

5. Hili ndilo linaloniuma. Birika lina karatasi. Ufagio una karatasi. Jogoo ana karatasi. Mimi sina. Nimejipitisha mbele ya Nabilah, nimekaa karibu na gundi, wapi! Hata Kikuubo ninakouza vitenge nadhani habari zimefika, maana tangu Jumanne wenzangu wakishanipita wanacheka. Nimeumia, sifichi.

Kwa hiyo ama uamuru karatasi zote zibanduliwe, ama unithibitishie kwa barua yenye mhuri kwamba mimi ni wa nani.

Wasalimie wanafunzi wote na mlinzi wa getini. Mama anakusalimu, na jogoo pia.

Wako mwenye masikitiko,
Taban Yasiin

N.B. Koti langu la kazini Nabilah hunivika asubuhi na kunivua jioni. Leo yuko kwako darasani, basi amenivua mama. Mgongoni pana karatasi: mio marito. Mama, ambaye sasa ni mtaalamu, amenitafsiria: mume wangu. Imekaa hapo tangu Jumanne.

Barua hii ihesabu haikuandikwa. Kiti achukue. Ila gundi yenu ni dhaifu, Mwalimu, pembe moja imeanza kubanduka. Tafadhali mpe Nabilah iliyo kali zaidi.