Ng'ombe wa Igihozo na Sahihi ya Mzee Bizimana

Jumatatu, 4 Agosti

Gentil anayo! Gentil, mwenye duka la misumari na rangi, mtu ambaye hadi mwaka jana alidhani tawasifu ni ugonjwa wa mifugo. Amekuja hotelini asubuhi, mimi nikiwa mapokezi nagawa funguo, akaweka kitabu mbele yangu bila hata salamu. "Sindano na Pembe", maisha ya Mzee Bizimana wa Bugeshi, aliyechanja ng'ombe miaka arobaini pande zote mbili za mpaka. Chapa ya kwanza. Zilitoka nakala mia tu. Na ukurasa wa mbele, kwa wino wa buluu, sahihi!

Nilikaa chini. Mgeni aliyekuwa anangoja ufunguo alidhani nimeugua, akaniletea maji.

Nikifa watu watataka kuelewa, basi nieleze. Mimi, Kimenyi, nakusanya maisha ya watu. Yaliyoandikwa na wenyewe, chapa ya kwanza, yakiwa na sahihi zao. Wageni huacha vitabu vyumbani, mimi huanzia hapo. Ninavyo arobaini na kimoja. Kila kimoja nimekifunga katika kipande cha kitenge cha mke wangu Verediane, maana nailoni nchi hii ni marufuku. Sivisomi. Kitabu kikisomwa mgongo hulegea, na kikilegea kimekwisha.

"Sindano na Pembe" ninayo, lakini kavu, haina sahihi. Sababu inajulikana wilaya nzima: Mzee Bizimana hasaini. Padri aliomba, akanyimwa. Mimi niliomba mara mbili. Halafu Gentil, muuza misumari!

Sikula mchana.

Jumanne, 5 Agosti

Bugeshi kwa pikipiki. Vumbi, baridi, viazi kila upande. Mtu hafiki kwa mzee na kusema shida yake papo hapo, kwa hiyo nilianza na habari za mvua, nikaenda za viazi, nikaenda za marehemu. Nikapewa maziwa mgando. Mimi na maziwa mgando hatupatani hata kidogo. Nikanywa. Nikaongezewa. Nikanywa.

Ndipo nikaomba. Mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. "Mutu anasainiaka deni," akasema. "Mi siko na deni ya mutu. Donc nitasaini nini?"

Nimerudi nimeshika tumbo. Lakini neno lile linanizunguka kichwani. Hana deni la mtu. Je, akiwa nalo?

Alhamisi, 7 Agosti

Nyumbani hakuna anayezungumza lingine ila Jumapili. Binti yetu Igihozo aliolewa mwaka jana na Ricky, mtoto wa Mzee Nshuti, fundi saa wa hapa mjini. Kwetu binti akishatulia kwake, wazazi humpelekea ng'ombe. Bila ng'ombe huyo mashemeji wanakunywa bia yako na kukusema njiani. Ng'ombe yupo: Gaju, mtamba mwekundu, mzuri sana, aliyezaliwa kwenye zizi la mama mkwe. Anatunzwa Kanzenze kwa shemeji yangu Niyonzima. Verediane amemngojea mtamba huyo akue kama anavyongoja mtoto amalize shule. Hata mtu wa kusifu ng'ombe ameshapatikana, yule wa sauti nene.

Leo Verediane amerudi kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, kuuza kabichi, miguu imevimba, akasema hata afe kesho, Gaju yuko tayari. Igihozo amepiga simu mara tatu kuuliza kama Gaju anakula vizuri. Amejenga zizi kwa mikono yake!

Nilikuwa nawasikiliza nusunusu. Ndipo wazo likanishika shingoni. Kuna deni gani kubwa kuliko ng'ombe? Mtu akikupa ng'ombe, unaapa kwa jina lake maisha yako yote. Hakuna atakachokuomba ukamnyima. Basi mimi nimpe Mzee Bizimana Gaju!

Asishtuke mtu. Nimepima pande zote. Mzee ana karibu miaka themanini. Magoti yamekwisha, mchungaji hana. Ni mtu wa heshima zake. Nikimpa ng'ombe atakataa. Ataguswa sana, pengine atalia, atakataa, na kwa kuwa amekataa atajiona ana deni kwangu, atasaini. Mimi narudi na kitabu mkono huu, Gaju mkono huu. Jumapili iko palepale.

Ajabu hakuna aliyewahi kufikiri hivi.

Ijumaa, 8 Agosti

Hakukataa.

Siwezi kuandika sawasawa. Nijaribu.

Nimemwambia shemeji Niyonzima kwamba Gaju anahitaji sindano kabla ya sherehe na kwamba namjua mchanjaji mstaafu. Niyonzima ni mtu mwema, akamshika Gaju kamba, tukapanda naye mlima. Bugeshi, maziwa mgando tena. Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya mikutano kwamba mimi Kimenyi, kwa kumheshimu mwandishi mkubwa, nampa ng'ombe. Nikanyamaza, nikingoja akatae.

Niyonzima ndiye aliyeshtuka wa kwanza, nikamkanyaga mguu.

Mzee alisimama. Magoti yale niliyosema yamekwisha! Akanyoosha mkono juu, akapaza sauti ambayo nadhani imesikika hadi kwenye volkano. "Kimenyi yampaye inka!" Kimenyi amenipa ng'ombe! Majirani wakatoka mashambani na majembe yao. Wanawake wakapiga vigelegele. Mzee akanikumbatia, machozi yananidondokea shingoni. Miaka arobaini ameshika ng'ombe za watu, akasema, na hii ni ya kwanza kupewa. "Mi nilijua watu wazuri iko, lakini sikujua wanafikaka mupaka Bugeshi."

Nikasema labda ni mzigo kwake. Akasema mzigo gani! Nikasema majani. Majirani wanne wakajitolea majani. Nikasema mchungaji. Mmoja akaanza kuchunga palepale. Yebaba we! Katika nchi hii, tangu iumbwe, nani amewahi kukataa ng'ombe? Kwa nini hakuna aliyeniambia?

Kitabu amenisainia, nisidhulumu. Nikamuuliza kwa nini basi alimsainia Gentil. Akauliza Gentil ni nani. Hajawahi kumsainia mtu yeyote tangu azaliwe. Leo ndiyo mara ya kwanza, na mkono umefurahia kazi, anataka kuendelea.

Gentil amejisainia mwenyewe!

Niyonzima alitembea mbele yangu njia nzima. Tulipoachana nimemwomba asimwambie dada yake, nitalimaliza mimi. Akasema yeye hataweza kumwambia, ulimi hautakubali.

Jumamosi, 9 Agosti

Mkono wa mzee uliendelea. Amesaini nakala zote zilizobaki ndani kwake, themanini na kitu, na asubuhi ameshuka nazo mjini kwa pikipiki kuzigawa bure. Kila moja ameiandika hivi: "Mimi Bizimana nimesaini kwa sababu Kimenyi wa hotelini amenipa ng'ombe nyekundu." Amegawa sokoni. Amegawa kanisani. Amegawa mpakani, kwenye foleni ya wanawake wanaovuka na kabichi.

Verediane amerudi saa nne, kabichi zote bado kichwani. Ametua beseni. Ameweka kitabu mezani, wazi, mgongo umevunjika kabisa. Nikamwambia kitabu hakifunguliwi namna ile. Sijui kwa nini nimesema hivyo.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "We Kimenyi," akasema polepole, "ile ngombe haikukuwa yako. Haikukuwa hata yangu. Ilikuwa ya mutoto."

Nikapendekeza twende kumwomba mzee. Akaniangalia kama mtu anayeangalia maji yakiingia ndani. Ng'ombe aliyetolewa haombwi. Ukimwomba unajivua nguo mbele ya watu, na ukoo wako wote unavuliwa nawe. Mama yake, hata angekuwa na kumi, hawezi kutoa wa pili kwa mkwe aliyetupa wa kwanza. Kuahirisha haiwezekani, mashemeji wametengeneza bia.

Verediane akaingia chumbani, nikasikia katoni zikiburutwa. Akatoka na katoni mbili za sabuni. Ndani ya katoni, maisha yangu! Maisha ya watu, yaani. Arobaini na kimoja, na hicho kipya chenye sahihi ya jana.

"Bon. Baba alibadilisha ngombe na kitabu," akasema. "Basi mutoto atapata vitabu ya baba."

Nimelia. Amenipa kitambaa, kisha akakumbuka amekasirika, akakichukua tena.

Jumapili, 10 Agosti

Nyumbani kwa Mzee Nshuti. Mahema, viti, wazee wa pande mbili wakitazamana. Igihozo na mushanana wake wa kijani, vazi la sherehe, kando ya zizi jipya ambalo halina kitu. Alikuwa anaangalia barabarani, amtazamie Gaju anakotokea. Tukatokea sisi na katoni mbili za sabuni.

Verediane alisimama akasema ukweli mfupi: zawadi ya mwaka huu ni hii. Watu wakadhani kuna ng'ombe nyuma. Wakageuka. Nyuma nilikuwa mimi.

Halafu yule mtu wa kusifu. Masikini, hakuna aliyemwambia! Alishika fimbo yake, akazisogelea katoni, akazichungulia, akazichungulia tena. Lakini mtu wa kazi ni mtu wa kazi. Akaanza. Akamsifu mwenye ngozi nyekundu ya gamba gumu, asiyechoka mlima wa Bugeshi. Akamsifu mwenye kurasa mia tatu, anayetembea kwa madaha, ambaye wezi walimwona wakamwacha. Akamsifu mnene asiye na picha. Watu walicheka wakaegemeana. Hata padri alicheka.

Igihozo hakucheka. Aliinamisha kichwa, machozi yakaingia kwenye mushanana. Ricky alimshika mkono na hakuniangalia. Niliona haya. Niliona haya mpaka masikio yakawa moto, nikatamani mtu anitume mahali, hata Goma, hata mbali zaidi.

Ndipo watu wakanyamaza kuanzia langoni. Mzee Bizimana! Kofia, fimbo ndefu, na nyuma yake Gaju, ameoshwa, amepakwa siagi mgongoni. Mtu aliyepewa ng'ombe hakosi sherehe ya aliyempa, kwa hiyo alikuja, na alimleta Gaju ili watu waone ukarimu wangu. Aliona zizi tupu. Aliona katoni. Akamtazama Igihozo, kisha akanitazama mimi, muda mrefu. Alielewa. Ningependa asingeelewa.

Hakunisema. Alitoa kauli mbele ya wote. "Ngombe yenye walinipa siwezi kuirudisha, ni matusi. Lakini sasa iko yangu. Na mi, ngombe yangu, napa mutoto huyu."

Akamwekea Igihozo kamba mkononi.

Vigelegele! Viti vilianguka. Verediane alipiga magoti. Igihozo akanyoosha mkono juu, akaapa kwa sauti iliyonikata vipande: "Bizimana yampaye inka!" Ndilo jina atakaloapia maisha yake yote, akishtuka, akifurahi, akijikwaa kwenye jiwe. Jina hilo lingekuwa langu.

Vitabu havikurudi. Vimeshatolewa. Mzee Nshuti alizibeba katoni mwenyewe hadi ndani.

Jumanne, 12 Agosti

Verediane bado hasemi nami. Anaongea na kiti. Anakiambia kiti kwamba chakula kiko tayari.

Nimewaza sana siku mbili hizi. Nimeona wazi kwamba nilikosea. Ng'ombe wa mtoto! Kwa sahihi ambayo leo hata muuza mkaa anayo! Gentil amekuja kunicheka, nikamuuliza jina la Mzee Bizimana yeye huliandikaje, akaondoka. Nimeapa, nimemalizana na vitabu. Nitapanda kabichi, nimsaidie mke wangu.

Saa tisa Mzee Nshuti akapita hotelini. Moyo ulinilipuka: amevisoma! Amevisoma sita, akakunja kurasa pembe ili akumbuke alipofika, kimoja amekiwekea kikombe cha chai juu. Nilishika meza. Anasema ameona kuandika maisha si kazi kubwa, wenzake wote humo wameweza, basi naye ameanza yake. Ameshaandika hadi ubatizo. Nikamuuliza, kwa adabu tu, atachapisha nakala ngapi. Akasema moja. Maisha ya fundi saa yanamhusu mwenyewe, nyingi za nini?

Nakala moja! Chapa ya kwanza na ya mwisho, duniani kote! Nikamuuliza kama ataisaini. Akacheka, akasema tutaona.

Gentil hajui bado.

Mama mkwe ana ng'ombe mweusi kule Nyakiriba, mkubwa, na hakuna aliyemwahidi kwa mtu. Mzee Nshuti ni mtu wa mjini, amesoma, na uani kwake mtu hawezi kufunga hata ndama wa pili. Huyu hakika atakataa.