Vita vya Mrehani na Upana wa Milki ya Zebuniso

Sogeeni, enyi mnaopenda habari za mashujaa, vuteni mito na mmimine chai, na mwenye mtoto anayelia amtulize kwanza, kwa maana nataka kuwasimulia jambo ambalo wafalme wa kale hawakulijaribu wala majemadari hawakulithubutu, nalo ni kupima upana wa milki ya blogu. Namwomba Mola, Mjuzi wa hesabu zote, anishike ulimi nisiongeze wala nisipunguze. Mimi ni jirani wa ukuta kwa ukuta na nyumba yenyewe, hapa mjini Margilan, na nitakayoyasema nimeyaona. Nisiyoyaona niliyasikia juu ya ukuta, ambao si mrefu.

Palikuwa na Zebuniso, mkamwana wa Adolat, mshika ufagio, mwamsha majogoo, mpiga kumbo wa vumbi. Kila siku baada ya chakula cha mchana, vyombo vikishaoshwa, alikuwa na saa moja iliyo yake, na katika saa ile aliketi chini ya mzabibu akaandika kwenye simu blogu aliyoiita Ndoo na Ufagio, akiwafundisha wakamwana wenzake wa dunia nzima namna ya kutoa masizi kwenye sufuria na namna ya kumnyamazisha wifi bila kumjibu. Saa nyingine zote za siku zilikuwa za watu. Nilimpenda kwa ile saa moja, nasema wazi.

Ndipo ilipozuka fitina. Wanawake wa mtaa wetu hukutana kwa zamu, leo kwa huyu, mara nyingine kwa yule, na katika baraza lile alisimama Tursunoy wa lango la buluu, ambaye ulimi wake ulishavunja posa za watu.

"Adolat, shoga yangu," alisema, "hivi mkamwana wako anamwandikia nani? Maana sisi hatujamsikia aliyesoma. Au anawaandikia kuku?"

Wanawake walicheka hadi chai ikawapalia. Adolat, mama wa wana watatu, mlinzi wa heshima ya nyumba, alirudi kwake akiwa amekunja uso, akamwita mkamwana wake.

"Zebuniso, mwanangu, keti. Mimi sina ugomvi na kuandika. Lakini kama hakuna anayesoma, saa hiyo naichukua. Shemeji yako anaoa vuli hii na magodoro ya harusi hayajashonwa. Nionyeshe hao wasomaji, la sivyo ushike sindano."

"Wapo, mama."

"Wapo wapi? Mbona hata salamu hawaleti?"

Basi akaitwa Ulmas, mume wa Zebuniso, mtengeneza simu sokoni, bwana wa bisibisi ndogo, naye akafunga kwenye blogu kidude cha kuhesabu wageni. Hesabu ikapanda. Adolat akafurahi furaha kubwa. Akawa kila akinywa chai anafungua kuona, na kila akifungua, jeshi la wasomaji limeongezeka. Alishaanza kuwadokezea majirani, mimi nikiwamo. Kisha jioni moja Ulmas akakohoa.

"Mama, usinikasirikie. Hiki kidude kinahesabu kila mara ukurasa unapofunguliwa. Na anayeufungua zaidi ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe. Kwa simu yako, na yangu, na ya Zebuniso. Wengi wa waliobaki ni mashine za ng'ambo, zinapita tu, hazisomi."

"Sasa mashine zinatafuta nini kwenye ndoo yangu?" akauliza Zebuniso.

"Hata mafundi wakubwa hawajui," akajibu Ulmas.

Naam, jeshi zima lililotangazwa mtaani lilikuwa bibi mmoja na kikombe chake cha chai. Mwingine angezimia. Adolat aliinamisha kichwa, akakiinua, akanena maneno ambayo wasomi wa hesabu wangefaa kuyasikia.

"Haidhuru. Mtu hapimwi kwa waliomwona, anapimwa kwa waliomfuata. Zebuniso, andika jambo ambalo hapa Margilan hakuna alifanyaye. Siku ya pili nitatoka nilitafute kwa miguu yangu. Nikilikuta, saa ni yako na hakuna wa kukugusa. Nisipolikuta, sindano iko kabatini. Na usimnong'oneze mtu. Shika mkate uape."

Zebuniso akashika mkate, kiapo ambacho kwetu hakivunjwi, akaapa. Kisha akafikiri. Mnajua kwamba kwetu kila alfajiri mkamwana hufagia mbele ya lango la nyumba yake na kunyunyiza maji, na mtaa mzima hupimwa kwa hilo. Akaandika: pondeni majani ya mrehani ndani ya ndoo kabla ya kunyunyiza, vumbi litalala, na mpita njia atasahau alichokuwa amekasirikia.

Kulipokucha wakatoka, Adolat mbele, Zebuniso nyuma, nami nyuma yao, kwa ajili ya historia. Adolat alitembea ameinua pua, pua ileile iliyowahi kuyatambua mafuta ya mwaka jana ndani ya pilau ya harusi. Lango la kwanza, vumbi lililolowa. La pili vivyo hivyo. Kwa mwoka mikate harufu ya tanuri ikalishambulia jeshi letu, tukarudi nyuma, tukapita tena: hapakuwa na mrehani. Uchochoro baada ya uchochoro, wakamwana walitusalimu kwa adabu na ndoo zao za maji matupu.

"Mama, turudi," akasema Zebuniso. "Nitashona."

"Limebaki lango moja."

"La buluu? Huko si tutaenda kuchekwa tu?"

"Tukichekwa, tutakuwa tumemaliza mtaa."

Tukafika. Nawaapia, ilitupiga kabla hatujalifikia lango: harufu ya mrehani, kali, mbichi, na majani yenyewe yamegandamana ardhini. Nigina, mkamwana wa nyumba ile, alikuwa ameinama na ndoo.

"Asalaam aleikum, mwanangu," alisema Adolat polepole. "Haya ya mrehani umefundishwa na nani?"

"Ni mama mkwe, mama. Kanichumia mwenyewe. Sijui kayasoma wapi. Kila mchana anajifungia na simu, akitoka ananipa namna mpya ya kusugua masufuria."

Lango likafunguka, Tursunoy akasimama pale, kilemba upande. Watu wawili wale walitazamana kama majirani wanaotazamana juu ya kuku aliyevuka ua.

"Adolat. Mapema hivi?"

"Napita tu. Barabara yenu inanukia."

"Desturi yetu ya zamani hii."

"Tangu jana," alisema Adolat.

Tursunoy alirekebisha kilemba muda mrefu. Kisha akashusha sauti.

"Ile dawa yake ya masizi. Chumvi hakuandika kiasi gani."

Zebuniso alifungua mdomo kujibu, Adolat akamgusa mkono.

"Uje umuulize mwenyewe, shoga. Baada ya chakula. Ila utangoja amalize kuandika."

Basi enyi waandishi wa tarehe, acheni kidogo kuanguka kwa miji na vifo vya masultani, mwandike na haya: kwamba milki ya Zebuniso ilipimwa kwa pua, ikaonekana ina upana wa lango moja, na kwamba siku ileile, baada ya chakula, chini ya mzabibu, Tursunoy alikuja na sufuria yake kwapani, akaonyeshwa pa kukaa, akangoja saa nzima.