Mtaalamu wa Walabi wa Bustani ya Fenn

Jumamosi, 1 Julai

Leo nimejitolea. Saa mbili asubuhi, sakitu, umande ulioganda, imetanda kwenye nyasi za Bustani ya Fenn kama unga wa ngano, na mimi, Mervyn Tulk, fundi matairi mstaafu, nimesimama pale na sepetu mpya. Avis, mke wangu, aliniuliza kama ninaumwa. Nikamjibu kwamba mtu mzima hutumikia mtaa wake.

Sababu halisi naiandika hapa tu. Majira ya baridi yaliyopita shemeji Lindsay, kaka yake Avis, aliokota makaratasi katika bustani hii, akapewa kibao cha shaba chenye jina lake. Kimepigiliwa kwenye benchi linalotazama kijito. Tangu hapo kila tukipita, Avis lazima akae kwenye benchi hilo, hata likiwa na maji. Kibao cha mwaka huu kitatolewa tarehe 22. Nakitaka.

Bi Glenys Hocking, kiongozi wetu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alinipa ukingo wa kijito ning'oe magugu. Akaeleza kwa kirefu kuhusu yapi ya kung'oa na yapi ya kuacha. Sikumsikiliza. Nilikuwa namtazama Lindsay akimimina chai kwenye kikombe chake kama mwenye bustani.

Nimeng'oa magunia matatu. Hakuna aliyefika hata moja. Nimeyapakia kwenye gari langu, yasije yakachanganywa na ya wavivu.

Jumapili, 2 Julai

Nilipita bustanini nikaone kazi yangu. Kwenye ukingo kuna kibao kidogo cha mbao ambacho jana sikukiona. Kinasema miche hii mia mbili na arobaini imeoteshwa na kupandwa na watoto wa darasa la pili, tafadhali itunze.

Miche ipi? Pale pamebaki magugu tu. Yamesimama wima, yana afya njema.

Nilirudi nyumbani, nikaingia gereji, nikafungua magunia. Kila mzizi una kidongo chake cha duara, mfano wa kopo la maziwa. Nikakaa juu ya tairi. Nilijaribu kurudisha michache ukingoni, ardhi ngumu kama saruji, miche ikalala kama tambi zilizoiva. Avis akauliza kwa nini suruali ya kanisani ina tope magotini. Nilisema nilikuwa nasali.

Jumatatu, 3 Julai

Bi Glenys ametuita bandani. Uso wake haukuwa wa mchezo. Alisema watoto wale walilea miche hiyo madirishani tangu Machi, na sasa haipo. Akauliza nani ameona nini. Nikasikia sauti ikisema, "Walabi." Ilikuwa yangu.

Walabi, wale kangaruu wafupi wa vichakani, wapo sita au saba ng'ambo ya kijito, na kinyesi chao kimejaa kote. Nilinyoosha kidole kwenye kinyesi. Ushahidi safi.

Lindsay akakohoa. "Shemeji, walabi anakula majani ya juu. Huyu wako aling'oa na mizizi, akaondoka nayo?"

Nikamwambia njaa ya majira ya baridi humfundisha mnyama mambo mengi.

Bi Glenys alinitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, kwamba inaonekana wanyama hawa nawajua. Nikasema nimekua nao. Nimekulia juu ya duka la viatu katikati ya mji. Akasema vizuri, basi kuanzia leo mimi ni mkuu wa ulinzi wa ukingo, nitajenga uzio. Mkuu! Siku ya tatu tu.

Jumamosi, 8 Julai

Uzio ni mita mia na ishirini. Vigingi themanini. Mkuu wa ulinzi hana wasaidizi. Nimeuliza, nikaambiwa kazi hii inahitaji mtaalamu.

Nimepiga vigingi tangu Jumanne. Mvua ya pembeni, vidole havijui tena ni vya nani, seng'enge imenichana mkono, sweta na heshima. Wenzangu wako bandani wanakula keki za nazi. Lindsay amefagia majani kwa dakika kumi, kisha akaja kuegemea kigingi changu. Alisema kimepinda. Nikamwambia asikiegemee. Alipoondoka kilikuwa kimepinda.

Nyumbani Avis alinipaka dawa ya mgongo. Alisema hajaniona nikifanya kazi hivi tangu nilipomposa. Nilitaka kufurahi, nikakumbuka magunia matatu yaliyo chini ya turubai, hatua kumi kutoka kitandani.

Jumatano, 12 Julai

Gazeti la mji limekuja. Binti mwenye kamera aliniomba nisimame kando ya uzio nikitazama mbali. Nilitazama mbali. Aliuliza kuhusu walabi. Hapo ningeweza kusema machache. Nilisema wana kiongozi. Nilisema ni dume kubwa lenye sikio lililochanika, wengine humfuata kwa nidhamu ya jeshi. Sikio nilikuwa nimeliona kweli, asubuhi ile ile, ng'ambo ya maji.

Gazeti limetoka jioni. Mimi ukurasa wa tatu, kichwa kizuri, nywele zimekaa. Avis alisoma yote, akakunja gazeti, akauliza ni walabi gani hao niliokua nao, ilhali hata sungura wa jirani akikatiza nakimbilia ndani.

Jumamosi, 15 Julai

Uzio umekwisha. Nilikuwa nakaza waya wa mwisho alipokuja Bibi Ilse Brandt na kigoda chake. Ana miaka themanini na minne. Kila asubuhi hukaa ukingoni na maganda ya tofaa kwenye mfuko wa koti. Sikuwahi kuuliza ya nini.

Ameleta barua. Halmashauri imesoma gazeti. Jumanne watakuja watu na vizimba, wawakamate walabi wote wa Fenn wapelekwe milimani.

"Mwanangu, wewe unawajua," akasema. "Huyo wa sikio bovu ananijia tangu mwaka aliokufa mume wangu. Hajawahi kugusa mche. Hata ganda la tofaa hulichukua kama mtu anayeomba radhi. Waandikie kwamba si yeye. Wewe watakusikia."

Nilimwambia nitaona. Alinishukuru. Angenipiga na kigoda ningelala vizuri zaidi.

Jumatatu, 17 Julai

Nimepata njia ya kuwaokoa bila kusema kitu. Walabi wakihama wenyewe leo, kesho vizimba havitakuta mtu. Saa nne asubuhi nilivuka mawe ya kijito nikiwa na kikaango cha Avis na mwiko wa chuma.

Niligonga. Walabi sita waliinua vichwa, wakaendelea kula. Nilimsogelea wa sikio bovu, nikagonga karibu zaidi. Akaniangalia kama mtu aliyekatizwa akisoma. Akaruka mara moja, si kwa kukimbia, ni kwa kubadilisha mahali tu. Mimi nikaruka nyuma. Nyuma kulikuwa na kijito.

Maji yanafika kifuani. Baridi yake haisemeki. Gambuti zikajaa, miguu ikawa nanga. Nilijaribu kuita, ikatoka sauti ya bata.

Mkono ulionishika kola ulikuwa wa Lindsay, aliyekuwa ameketi kwenye benchi lake. Alinivuta hadi nchi kavu, akanivua koti, akanivika lake, akanimiminia chai. Kikaango kilikuwa kinaelea. Hakuuliza. Alisema tu, "Kunywa, shemeji." Sijui kama kuna kitu kinachoudhi kama hicho.

Nilimsikia Avis jikoni, jioni, akimshukuru kakake kwenye simu.

Jumanne, 18 Julai

Nilifika bustanini mapema. Lori la halmashauri lilikuwa limeegeshwa getini, turubai limefungwa nyuma. Bibi Ilse amekaa kwenye kigoda, mfuko wa maganda umejaa, hajampa walabi yeyote. Bi Glenys amesimama na karatasi zake.

Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri. Yakapotea. Nilisema ni mimi. Nilisema niling'oa miche ya watoto kwa mikono yangu, nikidhani ni magugu, iko gereji kwangu chini ya turubai, walabi hawana hatia, na yule wa sikio bovu hata jeshi hana.

Bi Glenys akageuza ukurasa. "Najua, Mervyn. Nilikuona ukipakia magunia."

Nikauliza tangu lini. Akasema tangu Jumamosi ile ya kwanza. Sasa kwa nini hakusema?

"Miaka mitatu naomba mtu wa kujenga uzio huu. Watu wanakuja kuokota makaratasi mawili na kunywa chai. Nikapata mtu mmoja mwenye dhamira inayomsuta, nimwachie?"

Nikauliza kuhusu vizimba. Akasema alipiga simu Ijumaa, vilifutwa siku hiyo hiyo. Barua ilikwisha tumwa, ndiyo iliyomfikia Bibi Ilse, na hilo amemwomba radhi asubuhi hii. Lori limeleta miche mipya.

Kwa hiyo ningeweza kunyamaza. Nimeliwaza hilo siku nzima, nikiwa nimepiga magoti.

Nilipiga magoti kwa sababu Bibi Ilse alisimama akanijia. Nilidhani atanipiga, nikainamisha kichwa kumrahisishia. Aliniangalia tu. "Umesema mwenyewe," akasema. "Umechelewa, lakini umesema. Haya, shika sepetu." Akahamisha kigoda, akaketi mahali anaponiona vizuri. Miche mia mbili na arobaini. Kila ulioinama alinionyesha kwa fimbo. Kufikia saa tisa wa sikio bovu alikuwa ameshakuja ng'ambo ya uzio wangu, akala maganda yote, hakunitazama hata mara moja.

Jumamosi, 22 Julai

Meya amekuja, soseji zimechomwa, watoto wa darasa la pili wameimba. Mmoja aliniuliza kama mimi ndiye niliyekula miche yao. Nikasema karibu hivyo.

Kibao amepewa Lindsay. Tena. Kwa kumwokoa mtu aliyetumbukia kijitoni. Meya hakutaja jina la mtu huyo, lakini watu mia moja waligeuka pamoja. Avis alipiga makofi mpaka glavu ikamtoka.

Kisha Lindsay akanijia na soseji mbili ndani ya mkate, moja yangu. Alisema uzio umesimama imara. Nikamwambia kigingi cha kumi na saba alikipinda yeye. Akasema anajua.

Jumatatu, 24 Julai

Nimekaa siku mbili nikitafakari. Mtu asijifanye anajua asichokijua. Nimeliandika hapa ili lisinitoroke.

Mchana nilikwenda maktaba kurudisha kitabu. Ukutani kuna tangazo: anatafutwa mtu wa kuhesabu vyura wa bonde zima kwa kusikiliza milio yao. Atapewa fulana yenye nembo na atahojiwa redioni. Lindsay hana fulana yenye nembo, na redioni hajawahi kusikika.

Mwenye maktaba aliuliza kama nina uzoefu. Nilimwambia natofautisha aina kumi na moja nikiwa nimefumba macho. Sijui kama ziko kumi na moja. Ameandika jina langu kwa wino.

Sikio langu la kushoto halisikii tangu kompresa, mashine ya kujazia matairi upepo, ilipopasuka gereji mwaka wa themanini na tisa. Si tatizo. Nitasimama kushoto kwa vyura.