Lango Lililouliza Utokako

Jumatatu, 13 Januari
Baridi nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri, na Utawala wa chuo unataka kuifunga njia ya chini ya ardhi itokayo bwenini hadi maktaba! Tunahitaji saini mia tano kufikia Ijumaa saa sita mchana. Nimefungua tovuti ya madai. Haikupita saa moja, mhuni akajaza majina arobaini ya wakuu wa chuo waliokwisha kufa. Majasusi! Basi nimeweka lango: linasoma kila mgeni ametoka ukurasa gani. Atokaye ukurasa wa wanafunzi, karibu. Atokaye ukurasa wa Utawala, anakula hotuba yangu ya aya tisa. Asiyeonyesha atokako, nje! Mwenye nia njema hafichi njia aliyopitia.

(Kivinjari changu mwenyewe nilikwisha kukiamuru kisimwambie yeyote nitokako. Hilo ni suala jingine: uhuru wa raia.)

Jumanne, 14
Saini tatu. Tatu! Maeve Kowalchuk, mratibu mwenzangu eti, amezunguka mkahawani na karatasi kama karani wa enzi za ukoloni. Mia moja na kumi! Akaniuliza mbele ya kadamnasi: vipi, Komredi Desjarlais, lango lako limemeza wangapi leo? Wakacheka. Chekeni, enyi mliolala fikra!

Jumatano, 15
Gurveer, ninayeishi naye chumba kimoja, anasomea kompyuta na hana adabu. Amekagua tovuti, akashika kichwa. Kaka, anwani iko kwenye mabango yako, watu wanaiandika kwa mkono; hao hufika bila kuonyesha walikotoka. Umefukuza watu mia sita, wote wa upande wako! Nikamjibu kwamba wingi huo ni ushahidi wa ukubwa wa njama. Akaenda kuoga.

Nimekubali kubandika kiungo cha tovuti kwenye ukurasa wa wanafunzi. Lango linabaki.

Ijumaa, 17
Ofisi ya Utawala, dakika tano kabla ya saa sita. Saini za Maeve: mia nne na tatu. Zangu: tisini na sita. Moja tu imepungua, na mimi sijatia saini! Maeve akanisukumia kalamu: saini, mzee, tukale! Karatasi? Mimi, mwasisi? Nikafungua tovuti yangu kwa fahari. Ikaandika: JASUSI, RUDI ULIKOTOKA. Gurveer akapiga kelele nikiruhusu kivinjari kionyeshe nitokako, ni kubofya mara moja tu. Nikaanza kumfafanulia haki za raia huru. Nilikuwa kwenye hoja ya tatu saa ilipogonga. Katibu akafunga jalada.

Jumatatu, 20
Njia ina mnyororo. Maeve akiniona anavuka barabara. Nimekwenda maktaba kwa juu, kwenye theluji. Lakini historia itashuhudia: katika harakati nzima, lango langu pekee halikuyumba! Kwa madai mapya nitaweka mawili.

Nimerudi chumbani pua imekufa ganzi. Gurveer akauliza natoka wapi. Binadamu huru haulizwi atokako.